Hoteli ya Reli Tabora: Mtaji wa kale usio na mlinzi

ABIRIA anayeshuka treni ya Reli ya Kati mjini Tabora hahitaji kuuliza sana ili apate pa kulala. Karibu na stesheni lipo jengo la zamani lenye baraza pana na bustani, ambalo wenyeji wa umri mkubwa hulijua kama Hoteli ya Reli, ingawa kwa miaka mingi limejulikana kibiashara kama Orion Tabora Hotel. Simulizi inayorudiwa mjini na katika vitabu vya watalii ni kwamba lilijengwa mwaka 1914 na bwana mkubwa wa Kijerumani kama nyumba ya kufikia wawindaji. Baadaye likawa hoteli ya abiria wa reli, na baa yake ikawa mahali pa kukutania watu wa safari na watu wa mji.

Kwa mtu wa biashara, jengo la namna hii huleta swali moja: je, ni mtaji au ni mzigo? Swali hilo lilikuwa la watu wachache wakati Tabora ilipoonekana kama mji wa kupita tu. Leo hali ni tofauti. Mkataba wa kujenga reli ya kisasa (SGR) kutoka Makutupora hadi Tabora, kilomita 368, ulisainiwa Desemba 2021. Ukafuatiwa mwaka 2022 na mkataba wa Tabora hadi Isaka, kilomita 165, na ule wa Tabora hadi Kigoma, kilomita 506. Mji ambao reli ya kwanza iliukuta ukiwa njia panda unarudi kuwa njia panda. Viwanja vya katikati ya mji vitatafutwa, na kila jengo kuukuu litapigiwa hesabu upya: libaki au livunjwe?

Wengi wanadhani hesabu hiyo imekwisha kufanywa na sheria, kwamba jengo la Mjerumani haliguswi. Sivyo ilivyo.

SHERIA INALINDA NINI

Ulinzi wa majengo na vitu vya kale Tanzania Bara unatokana na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979. Sheria hiyo inaweka mstari wa tarehe. Jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863 linahesabiwa kuwa kumbukumbu moja kwa moja, bila kusubiri tangazo lolote. Jengo lililojengwa baada ya hapo halina kinga hiyo mpaka Waziri mwenye dhamana alitangaze rasmi.

Mwenye kupiga hesabu ataona mara moja tatizo la Tabora. Reli ilifika mjini mwaka 1912. Hoteli inasemwa ni ya 1914. Boma la Wajerumani, ambalo kwa miaka mingi limekuwa mikononi mwa jeshi, ni la kipindi hicho hicho cha utawala wao. Majengo yote ya Kijerumani yamezaliwa upande usio sahihi wa mstari wa 1863, na mengi ya maduka ya zamani ya mitaa ya biashara hali kadhalika. Uzee peke yake hauyalindi, yanahitaji tangazo.

Lipo jambo jingine ambalo wanunuzi wa vitu vya kale wanapaswa kulijua. Sheria hiyo hiyo inazitaja milango na fremu za milango za mbao zilizochongwa nchini kabla ya mwaka 1940 kwa mitindo ya Kiafrika au ya Mashariki. Hizo ni vitu vilivyolindwa, hata kama nyumba iliyozibeba haikulindwa. Kwa hiyo mtu anaweza kununua nyumba kuukuu kihalali, lakini akaingia matatani kwa kung'oa mlango wake na kuupeleka nje ya nchi bila kibali. Kwa mji kama Tabora, ambako wafanyabiashara wa karne ya 19 walileta desturi ya milango ya nakshi kutoka pwani, kifungu hiki si cha kupuuzwa. Mlango unaweza kuwa na ulinzi mkubwa kuliko ukuta unaoushikilia.

MJI WA KUSUBIRI MIZIGO

Thamani ya hoteli hii haieleweki bila kuelewa biashara iliyoujenga mji. Tabora haina bahari wala ziwa, lakini kwa kazi yake ilikuwa bandari ya nchi kavu. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilikuwa na urefu wa yapata kilomita 1,200, na safari ilichukua miezi. Katikati ya njia ndipo palipokuwa na Unyanyembe, nchi ya Wanyamwezi, watu waliojulikana kuliko wote kwa kazi ya upagazi. Hapo msafara ulipumzika, wapagazi wakalipwa, wengine wakaajiriwa, na mali ikagawanywa: hii iende Ujiji na Kongo, ile iende Karagwe na Buganda. Merikani, kaniki, shanga na waya wa shaba vilipanda kutoka pwani. Meno ya tembo yalishuka, na watumwa pamoja nayo. Biashara hiyo ya binadamu ni sehemu ya historia ya njia hii, na mwenye kuiuza historia kwa wageni hana ruhusa ya kuifunika.

Wazungu Burton na Speke walipofika Novemba 1857, mahali hapo paliitwa Kazeh, na tayari walikuwako wafanyabiashara Waarabu na Wahindi wenye nyumba, maghala na bustani. Wageni walipokewa na Snay bin Amir, tajiri wa Kiarabu, aliyewapa pa kukaa na kuwasaidia kupata wapagazi. Ukarimu wa aina hiyo ulikuwa sehemu ya biashara: mwenye nyumba alipata habari za bei na za njia kabla ya wenzake.

Nyumba zenyewe zilikuwa tembe. Tembe ya tajiri ilikuwa na kuta nene za udongo, paa la bapa la magogo lililofunikwa udongo, na ua wa ndani ambamo vyumba vyote vilifungukia. Madirisha ya nje yalikuwa madogo na machache. Ilikuwa nyumba, ghala na ngome kwa pamoja. Kwa mtu aliyeweka ndani mtaji wake wote kwa miezi akisubiri njia ifunguke, ramani hiyo ilikuwa bima yake.

Njia ilifungwa mara nyingi. Mnamo 1860 hivi Mtemi Mnywa Sere wa Unyanyembe alianza kuwatoza Waarabu kodi ya bidhaa. Wakamwondoa na kumweka Mkasiwa, na vita vikaendelea kwa miaka. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo aliifunga njia ya Ujiji. Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alijiunga na Waarabu kumpiga Mirambo, wakashindwa, naye akalazimika kuzunguka kusini ili afike Ujiji. Wawili hao walirudi pamoja mwanzoni mwa mwaka 1872 na kukaa katika tembe ya Kwihara, kilomita chache kutoka mjini. Stanley aliondoka Machi. Livingstone alisubiri wapagazi hadi Agosti mwaka huo huo, akaenda kusini na hakurudi akiwa hai.

Tembe ya Kwihara leo ni makumbusho. Mwenye kuitembelea ajue kwamba anachokiona kwa kiasi kikubwa ni jengo lililosimamishwa upya katika miaka ya 1950 baada ya lile la awali kuanguka. Hilo si aibu ya Kwihara. Ni tabia ya udongo: paa la tembe linahitaji mkono wa mtu kila baada ya masika, na likiachwa misimu michache, mvua humaliza kazi.

RELI, DHAHABU NA VITA

Utawala wa watemi wa Unyanyembe ulivunjwa na Wajerumani Januari 1893, pale Mtemi Isike alipochagua kujilipua katika ghala lake la baruti kuliko kukamatwa. Wajerumani wakaufanya mji kituo kikuu cha magharibi. Reli yao ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kazi ya mpagazi aliyebeba mzigo wa kilo 30 hivi kwa miezi ilihamia katika behewa. Pamoja na reli likaja hitaji jipya: msafiri wa treni hakuwa na mwenyeji wa kumpokea kama Snay bin Amir. Alihitaji kitanda cha kulipia, chakula cha kulipia na kinywaji cha kulipia. Hoteli ya Reli ni mrithi wa tembe: kazi ni ile ile ya kumhifadhi anayesubiri, isipokuwa sasa ankara inaandikwa.

Vita Kuu ya Kwanza vilipoikata koloni na bahari, Tabora ikawa kwa muda makao ya serikali ya Wajerumani. Fedha ilipowaishia, mwaka 1916 walifua sarafu zao wenyewe katika karakana ya reli eneo la Tabora. Miongoni mwake ilikuwa sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya Sekenke. Zilifuliwa zaidi ya 16,000 kidogo tu, kabla Wabelgiji hawajauteka mji Septemba 19, 1916.

Sarafu hiyo ni fundisho zuri kwa mwekezaji mdogo. Uzito wake ni gramu 7 na ushei, na robo yake si dhahabu. Hata hivyo katika minada ya Ulaya na Marekani huuzwa kwa maelfu ya dola, mara kadhaa ya thamani ya madini yaliyomo. Kinachonunuliwa ni historia ya Tabora, pamoja na uhakika kwamba hakuna nyingine itakayofuliwa. Ajabu ni kwamba mnunuzi wa Ulaya anailipia historia hiyo, ilhali mjini kwenyewe majengo ya miaka ile ile hupimwa kwa ukubwa wa kiwanja.

MAFUNZO KUTOKA ZANZIBAR

Mfano wa karibu wa baa ya kihistoria iliyogeuzwa kuwa kitega uchumi uko Zanzibar. Klabu ya Waingereza iliyoanzishwa mwaka 1888 ilikuja kuitwa Africa House, na jengo lake baadaye likafanywa hoteli. Baraza lake la juu linaloelekea bahari limekuwa kivutio cha wageni wanaokwenda kunywa kinywaji wakitazama jua likizama. Kinywaji hicho hicho kinapatikana mtaa wa pili. Mgeni analipia mahali.

Lakini Africa House haikusimama peke yake. Mji Mkongwe una mamlaka yake ya hifadhi tangu mwaka 1985, ukapata mpango wake wa uhifadhi mwaka 1994, na mwaka 2000 ukaingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mmiliki anayetaka kubadili dirisha hukutana na ofisi inayomuuliza. Wengi hulalamikia ucheleweshaji, lakini ofisi hiyo hiyo ndiyo inayomhakikishia mwenye hoteli kwamba jirani yake hataamka siku moja na kusimamisha ghorofa la vioo mbele ya baraza lake.

Zanzibar hiyo hiyo inatoa pia onyo. Desemba 25, 2020, sehemu ya Jumba la Maajabu, Beit el Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati ukarabati ukiendelea, na watu 2 wakapoteza maisha. Jengo hilo lilikuwa na kila aina ya ulinzi wa karatasi, pamoja na hadhi ya urithi wa dunia. Tangazo halizibi paa linalovuja. Jengo la kale husimama kwa matengenezo ya kila mwaka, na matengenezo hutaka fedha inayoingia kila mwaka.

Dar es Salaam ndiko kwenye njia ya tatu. Kaiserhof, hoteli ya Wajerumani iliyokuja kuwa New Africa, ilibomolewa na jengo jipya likasimama kwenye kiwanja kile kile. Mwenye kiwanja alipata vyumba vingi zaidi. Mji ulibaki na jina.

HESABU YA MWEKEZAJI

Mtu anayefikiria kununua au kukodi jengo la kale Tabora, iwe hoteli, duka au nyumba ya kufanya baa, atazame mambo manne kabla ya kutoa fedha.

La kwanza ni hadhi ya kisheria. Aulize Idara ya Mambo ya Kale kama jengo limetangazwa, na aulize halmashauri ya manispaa kuna masharti gani ya ujenzi katika eneo hilo. Jibu apewe kwa maandishi. Jengo lililotangazwa halibomolewi wala kubadilishwa bila kibali, na bei ya kulinunua inapaswa kulionyesha hilo.

La pili ni ukuta. Majengo ya zamani mara nyingi yaliungwa kwa chokaa au udongo, navyo hupumua: unyevu unaopanda kutoka ardhini hutoka nje ya ukuta na kukauka. Fundi wa leo akija na saruji akapiga plasta ngumu juu yake, unyevu hufungiwa ndani. Baada ya masika machache plasta hubanduka na kuondoka na sehemu ya ukuta. Mwenye jengo hulaumu uzee wa ukuta, kumbe kosa ni la mfuko wa saruji. Plasta ya chokaa na mchanga inachukua muda mrefu kukauka na mafundi wake ni wachache, lakini ndiyo inayopatana na ukuta wa aina hiyo.

La tatu ni paa na mbao. Mchwa wa Tabora hahitaji kutambulishwa. Afadhali mnunuzi alipe fundi apande darini siku moja kuliko kugundua baada ya kutia saini kwamba boriti zimebaki ganda. Faraja ni kwamba mkoa huu ni wa miombo. Mninga na mkurungu ni mbao za nyumbani, na maseremala wa kuzifanyia kazi wapo. Ununuzi ufanyike kwa kibali cha maliasili, ili ukarabati wa mali ya kale usianze kwa kosa jipya.

La nne ni mapato. Vyumba katika mji wa bara hujaa na kupungua kwa msimu, kwa mikutano na kwa ratiba ya treni. Baa na jiko huuza kila jioni, hata kwa wasio na mizigo. Kwa hiyo baa ndiyo inayoweza kulipa bati na chokaa. Utaratibu rahisi ni kutenga, kwa mfano, shilingi 5 katika kila shilingi 100 za mauzo ya baa, katika akaunti ya peke yake ambayo haiguswi kwa mishahara wala kwa kuagiza vinywaji. Mwenye kungoja hadi dari lianguke ndipo akope, atakopa kwa riba na atafunga biashara wakati wa matengenezo: hasara mbili kwa mpigo.

Yapo pia mambo ambayo jengo la kale humpa mmiliki bure. Kuta nene na baraza pana hupunguza joto la Oktoba bila mashine. Bustani yenye kivuli haihitaji mapambo. Na mshindani hawezi kuyaiga hata akiwa na mtaji mara kumi. Ghorofa jipya lenye vigae linaweza kujengwa Tabora, Shinyanga au Singida. Jengo la enzi ya reli ya 1912 lililo hatua chache kutoka stesheni haliwezi kuagizwa.

NJIA NZIMA NI BIDHAA

Udhaifu wa hoteli peke yake ni kwamba mgeni hulala usiku mmoja na kuondoka. Soko litakua pale Tabora itakapouzwa pamoja na njia nzima. Tanzania ilikwisha kuiwasilisha UNESCO mwaka 2006, katika orodha ya awali, Njia Kuu ya Kati ya Biashara ya Watumwa na Pembe za Ndovu, yenye vituo 6: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Orodha ya awali si urithi wa dunia bado, lakini ni hatua ambayo bila yake nchi haiwezi kuomba.

Kwa mfanyabiashara mdogo wa Tabora, maana yake ni nafasi za kazi zisizohitaji mtaji mkubwa: gari la kupeleka wageni Kwihara, kiongozi anayeijua historia ya Mirambo na Isike, asali ya mkoa iliyofungashwa vizuri, na mama lishe anayeweza kumwekea mgeni matobolwa mezani na kumsimulia kwamba, kwa maelezo ya wengi, ndiyo yaliyoupa mji jina. Mji huu pia ndio uliofanyikia mkutano wa TANU wa Januari 1958, maarufu kwa Uamuzi wa Busara, na ndiko Mwalimu Nyerere alikosoma na kufundisha. Mgeni wa ndani ya nchi, mwanafunzi na mwalimu wake, ni soko lisilosubiri ndege kutoka Ulaya.

Vyote hivyo vinahitaji mahali pa kuanzia na pa kurudi jioni. Msafara wa zamani ulikuwa na tembe ya mwenyeji. Msafara mpya unayo Hoteli ya Reli, mradi ibaki imesimama.

Kilichobaki ni suala la nani atangulie. Serikali ikitangaza jengo bila kumsaidia mmiliki, atalipiwa lawama na paa litavuja. Mmiliki akikarabati bila tangazo, mnunuzi wa baadaye anaweza kuja na tingatinga. Njia yenye faida kwa pande zote ni mmiliki kuomba mwenyewe jengo litangazwe, na katika mazungumzo hayo hayo kuomba unafuu wa ada za manispaa au ushauri wa wataalamu bila malipo. Mazungumzo ya namna hiyo ni rahisi leo, wakati viwanja vya jirani havijapanda bei. Treni mpya ikishaanza kushusha abiria Tabora, kila mwenye mita chache za ardhi atakuwa na mnunuzi mlangoni, na hoja ya historia itapata wasikilizaji wachache zaidi.